Radhi ya Mwenye Mashine

Najua wiki nzima mmenilaani. Tangu gazeti lililopita mundu uko hewani, na kuna mama mmoja wa Kibaoni ameniletea ujumbe kwamba nikimwacha Salvatory hai, hanunui gazeti tena. Mama, tulia. Soma.

Tulikuwa nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga pale Lipangalala, Ifakara. Salvatory, mwenye mashine, ameupa ulimwengu mgongo, anaongea na simu huku anacheka. Nyuma yake Ritha, mpembua mchele wake wa zamani, yule aliyefungiwa stoo na bosi huyo huyo na kubakwa mchana kweupe. Mundu wa kuvunia umepanda juu ya shingo nene ya Salvatory.

Ukashikwa!

Kiganja kigumu kilibana mkono wa Ritha, kingine kikamziba mdomo, akaburutwa hadi nyuma ya lundo la pumba kabla Salvatory hajageuka.

“Niache!” Ritha alifoka kwa sauti ya chini kiganja kilipolegea. “Niache nimmalize mbwa huyu!”

“Ukimkata, kesho yeye ndiye mlalamikaji na wewe ndiye mtuhumiwa,” sauti ya kike ilimjibu sikioni. “Na kesi yake haitapotelewa na kielelezo cha ushahidi, nakuhakikishia. Hiyo itakwenda mbio.”

Alikuwa Koplo Serafina wa Dawati la Jinsia la polisi. Alikuwa amevaa dera na ndala, na jasho lilikuwa linamtiririka kwa kumfukuzia Ritha mitaani. Aliuchukua mundu, akauficha ndani ya dera, akamwongoza Ritha barabarani, wakatembea kama ndugu wawili wanaotoka sokoni.

Njia nzima Ritha alikuwa anaongea kwa hasira.

“Nilikuja kwenu nikiwa bado natoka damu, afande. Yule wa kaunta akaniuliza mbele ya watu waliokuja kuripoti simu zilizopotea. Ulivaa nini? Mbona hukupiga kelele? Bosi wako si mlikuwa mnataniana? Watu wakacheka.”

“Najua.”

“Hujui! Nilifanya kila mlichotaka. Sikuoga. Nilichukua fomu yenu ya PF3, nikapimwa hospitali, daktari akaandika nimeumizwa. Gauni langu nililivua nikawakabidhi likiwa na uchafu wake mbwa yule. Leo gauni liko wapi?”

Gauni lilipotea ndani ya stoo ya vielelezo, na ufunguo wa stoo anao Sajenti Raimundi, mpelelezi wa kesi. Raimundi huyo gari la doria likikosa dizeli huwa anajua pa kwenda kuomba. Anaomba kwa Salvatory! Mimi ninayewaandikia haya nina hasira, na sina mpango wa kuzificha.

“Ijumaa jalada linarudi kwa wakili wa serikali,” Serafina alisema hatimaye. “Raimundi ameshaandika maoni yake, kwamba daktari anasema umeumizwa lakini hasemi nani kakuumiza. Bila kitu kipya, linafungwa.”

“Likifungwa nitarudi na mundu.”

“Naelewa. Ndiyo maana nimekufuata.”

Walipofika nyumbani kwa Shangazi Agnella, walikuta makubwa. Baba mdogo Fulgensi, aliyemlea Ritha tangu baba yake azame kwenye mto, amekaa kwenye kigoda huku uso wake unang’aa kama mtu aliyepata mtoto wa kiume.

“Shikamoo baba mdogo.”

“Marahaba mwanangu. Kaa. Mungu amesikia. Salvatory ametuma mtu. Anataka kuja kuomba radhi.”

Ritha alipiga yowe hadi kuku wakatawanyika.

“Radhi? Aje hapa apige goti, kisha aondoke anajifuta vumbi? Baba mdogo, wewe una akili kweli?”

“Tuyamalize nyumbani, mwanangu. Polisi wamekusaidia nini?”

Hapo mzee alikuwa na hoja, na ndicho kilichomuuma zaidi Ritha. Alijifungia chumbani, akalia huku anapiga godoro ngumi.

Nani aliyemsukuma Salvatory kuomba radhi? Si dhamira yake, msidanganyike. Ni mama yake, Bibi Theresia wa Mofu. Habari za stoo zilipomfikia, bibi alimpelekea mwanawe maneno kwamba asikanyage uani kwake wala asimpelekee hata punje ya chumvi mpaka amwendee yule binti. Tangu siku hiyo mashine inakatika shafti kila ikitengenezwa, na shamba lake la Malinyi limezama na maji. Salvatory haogopi polisi. Anaogopa kukosa radhi ya mama.

Baba mdogo alipoondoka kwenda kutoa jibu, Serafina alisogeza mkeka karibu na Shangazi Agnella.

“Shangazi, mimi ni mgeni bonde hili. Huku kwenu mtu anaomba radhi vipi?”

Agnella, mwanamke mfupi mwenye ulimi wa wembe, alitema mate pembeni.

“Katika ukoo wetu na wao, haombewi mtu radhi na mwingine. Anakuja mwenyewe na maji aliyoyachota kwa mkono wake, na shahidi kutoka kwao. Anapiga goti. Analitaja kosa lake waziwazi, na kama kuna waliomsaidia anawataja. Shahidi wa kwetu analirudia, shahidi wa kwao analirudia. Kisha aliyekosewa anapewa kata ya maji anakunywa. Akishakunywa, limekwisha. Hakuna aliyekuwemo humo ndani atakayelisema tena, si barazani, si mahakamani. Mdomo umefungwa.”

Serafina alimkazia macho.

“Na asipoyanywa?”

“Sijawahi kuona asiyekunywa,” Agnella alisema polepole. “Wazee wanakutazama, kina mama wanalia, utafanyaje? Unakunywa. Lakini asipoyanywa, mwanangu… basi hakuna kilichofungwa. Ni maneno tu aliyoyasema mtu mbele za watu.”

Mlango wa chumbani ulifunguka. Ritha alikuwa amesimama pale, macho mekundu, hana chozi hata moja.

“Mwambieni aje,” alisema.

Serafina aliweka sharti moja tu. “Nitakuwemo kama binamu wa Ritha wa upande wa mama, kutoka Malinyi, lakini sitafungua mdomo. Nikimwuliza swali hata moja, wakili wake atasema nilimhoji bila kumwonya. Atayasema mwenyewe kwa hiari yake, au hatasema. Na baba mdogo asijue kwamba mimi ni polisi.”

“Huyo ataropoka,” Agnella alikubali. “Kaka yangu namjua.”

Alhamisi, saa tisa alasiri, gari la Salvatory lilisimama mlangoni. Alishuka amevaa shati jeupe la kanisani, na ndoo ya maji mkononi. Nyuma yake akashuka Bibi Theresia, kakonda, anatembea kwa fimbo, hamtazami mwanawe.

“Shikamoo bibi,” Ritha alimwamkia, maana kosa halikuwa la bibi.

“Marahaba, mjukuu wangu. Pole,” bibi alisema, na midomo yake ikamcheza.

Lakini Serafina alikuwa amechungulia dirishani. Kwenye kiti cha mbele cha gari, amejilaza na kofia usoni, alikuwemo Sajenti Raimundi! Salvatory, mjanja, alikuja kuomba radhi na mlinzi wake.

Serafina alishusha khanga hadi kwenye nyusi, akakaa kona ya giza kati ya kina mama, simu imefichwa mapajani ikirekodi.

Salvatory alipiga goti, goti moja tu.

“Yote mawili,” alisema Bibi Theresia.

Akapiga yote mawili.

“Nimekuja kuomba radhi kwa yaliyotokea,” alianza.

“Yapi?” aliuliza Agnella.

“Yale… ya stoo.”

“Stoo ina mengi. Ina panya, ina magunia. Taja.”

Salvatory alijifuta jasho. “Shangazi, tulipitiwa na shetani.”

“Shetani sijamwona hapa na ndoo ya maji. Umekuja wewe. Taja!”

“Dada, inatosha jamani,” baba mdogo aliingilia. “Mtu mzima huyu, ameshasema.”

“Hajasema,” alisema Bibi Theresia. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini mwanawe alishtuka. “Salvatory, nimetoka Mofu na magoti yangu haya mabovu. Ukitoka humu hujalitaja, usinizike.”

Lo! Hapo ndipo mwenye mashine alipovunjika. Kichwa kilimwinama, na maneno yakaanza kumtoka huku anatazama sakafu.

“Nilimwita Ritha stoo kuhesabu magunia. Nikafunga mlango. Alikataa. Alilia, aliniomba. Nikambaka.”

Mwanamke mmoja alipiga ukemi. Ritha hakutikisika. Alikuwa anamtazama tu, na kucha zake zilikuwa zimezama kwenye viganja.

“Nani alikusaidia?” aliuliza Agnella.

“Peke yangu.”

“Salvatory,” alisema mama yake.

“Peke yangu, mama, naapa! Ila… baadaye. Lile gauni. Raimundi aliniletea gauni kutoka kituoni. Nikalitia kwenye moto wa pumba.”

Mmesikia, wasomaji? Kielelezo cha Jamhuri kimetembea na miguu ya polisi hadi kwenye moto wa mtuhumiwa! Kule konani Serafina alibana meno mpaka taya likamuuma.

Shahidi wa upande wa Ritha, Agnella, aliyarudia yote, neno kwa neno, kwa sauti kavu. Kisha ikawa zamu ya Bibi Theresia. Jamani, mama kulirudia hilo la mwanawe! Alisema, “Mwanangu Salvatory amemfungia Ritha stoo, binti akalia, akambaka. Na gauni la ushahidi amelichoma.” Akakaa chini, akajifunika uso kwa khanga.

Kata ilichovywa ndooni, ikapewa Ritha.

“Kunywa, mwanangu,” baba mdogo alimsihi, machozi yanamtoka. “Kunywa tupumzike.”

Kina mama walianza kulia. Salvatory aliinua uso kwa mara ya kwanza, na Ritha akaona kitu kilichomchefua. Jamaa alikuwa ameanza kupumua vizuri. Alikuwa anasubiri kuondoka.

Ritha aliinua kata hadi mdomoni. Baba mdogo alifumba macho kumshukuru Mungu.

Ritha akaigeuza!

Maji yalimwagika yote sakafuni, yakalowanisha suruali ya Salvatory magotini.

“Mle stoo nilikuita kaka,” Ritha alisema. “Nilikuomba kwa jina la mama yako huyu. Ukaniambia ninyamaze upesi, wateja wanasubiri. Leo umeomba wewe, na mimi nimekataa. Sijayanywa! Mmeona wote? Sijayanywa! Utaozea jela, Salvatory, na mimi nitakuja kukutazama siku za kutembelea wafungwa, nikiwa nimevaa gauni jipya!”

“Ritha!” baba mdogo alipiga kelele.

Kule konani khanga ilianguka. Serafina alisimama, kitambulisho mkononi.

“Salvatory, mimi ni Koplo Serafina wa Jeshi la Polisi. Uko chini ya ulinzi kwa kosa la kubaka na la kuharibu ushahidi. Hulazimiki kusema kitu, na lolote utakalosema kuanzia sasa laweza kutumika mahakamani.”

“Raimundi!” Salvatory alibweka. “Raimundi!”

Mlango ulisukumwa kwa teke. Sajenti Raimundi aliingia, kofia imekaa upande, akatazama watu, maji sakafuni, kisha Serafina.

“Koplo. Nani amekutuma hapa?”

“Sheria, afande. Na jina lako limo humu.” Serafina aliinua simu.

Lilikuwa kosa, na alilijua mara tu alipolifanya. Raimundi alimrukia, akampokonya simu, akaipiga sakafuni, akaikanyaga kwa buti mpaka kioo kikawa unga. Mabaki akayatupia ndani ya ndoo.

“Umefanya operesheni bila kibali cha mkuu wako,” alisema huku anahema. “Utaipoteza hiyo kazi. Leta mikono.”

Salvatory alikuwa ameshainuka. Alijikung’uta suruali, akacheka. Ndiyo, alicheka!

“Nani amesikia kitu hapa? Mimi nilikuja kusalimia wakwe watarajiwa. Nilitaka kumposa Ritha. Au siyo, Mzee Fulgensi?”

Macho yote yakamgeukia baba mdogo. Mzee alimtazama Ritha, akatazama bastola kiunoni mwa Raimundi.

“Mimi… masikio yangu siku hizi hayako vizuri,” alisema.

Ritha alimkodolea macho. Mtu aliyemlea!

“Mimi nimesikia!” Agnella alifoka.

“Wewe ni shangazi yake,” Raimundi alimjibu. “Nani atakuamini?”

“Mimi je?”

Bibi Theresia alikuwa ameinuka. Alisimama kwa fimbo, khanga imemshuka mabegani.

“Mimi ni mama yake. Nilimzaa mwenyewe pale Mofu, mwaka wa mafuriko. Nimesikia amesema amembaka, na amesema wewe ulimletea gauni. Nitayasema mbele ya hakimu kama nilivyoyasema hapa.”

“Mama!” Salvatory alinong’ona.

“Bibi, umechoka,” Raimundi alisema, akachomoa pingu za kumfunga Serafina. “Nenda kapumzike.”

“Mwanangu Raimundi, kabla hujamfunga huyo binti pingu nina swali moja. Dada yako Odilia aliacha kazi mashineni kwa mwanangu. Alikwambia kwa nini?”

Raimundi alikunja uso. “Odilia aliumwa. Miaka imepita. Kwa nini unamtaja?”

“Aliumwa, ndiyo. Ugonjwa wake ndio huu wa Ritha.”

Salvatory alitazama mlango.

“Nilimpeleka huyu kwa Odilia mimi mwenyewe, kwa siri,” bibi aliendelea, na machozi yalikuwa yanamwagika sasa. “Alipiga goti kama alivyopiga leo. Akataja. Odilia akayanywa maji, maskini, kwa kunionea huruma mimi. Ndiyo maana hajakwambia mpaka leo. Mdomo wake umefungwa na wangu ulifungwa. Nilidhani mwanangu atajirudi. Hakujirudi! Leo naufungua, na laana yake inipate mimi.”

“Anaongopa!” Salvatory alipiga kelele. “Raimundi, kaka, mama amezeeka, anaongopa!”

Raimundi hakumjibu bibi. Alimgeukia Salvatory polepole, akamtazama usoni, na alichokiona pale kilimtosha. Huyu ndiye mtu aliyemlindia siri. Gauni alilolibeba kwa mikono yake kulipeleka motoni lingeweza kuwa la dada yake.

Pingu zilimponyoka zikaanguka majini. Mkono wake ukashuka kiunoni.

“Afande, hapana!” Serafina alipaza sauti.

Bastola ilikuwa nje. Salvatory alirudi nyuma mpaka akagota ukuta, mikono mbele ya uso, analia kwa sauti.

Niambieni nyinyi wenye hasira kama zangu: mngefanya nini? Mngekaa pembeni mtazame, siyo? Ritha naye alitamani. Aliona shingo ile ile, na jambo lote likiisha kwa kidole cha mtu mwingine. Lakini akili yake ilikimbia mbele. Aliona mazishi makubwa kanisani, watu wakimlilia mfadhili wao. Akajiona yeye amekaa nyuma, akinyooshewa vidole, binti aliyesababisha mauti ya mtu mwema. Hakuna hakimu aliyesoma hukumu. Hakuna aliyetamka mbele ya Ifakara nzima kwamba Ritha alisema kweli.

Akaruka katikati!

“Usimpige!” alipiga kelele, mikono ameitanua mbele ya mtu anayemchukia kuliko wote duniani. “Huyo ni wangu! Namtaka kizimbani! Akifa leo atakufa msafi!”

“Toka hapo!” Raimundi alinguruma, na machozi yalikuwa yamemjaa machoni.

“Sitoki! Nawe utasimama pale pale pamoja naye, useme gauni langu lilikwenda wapi!”

Serafina alimrukia Raimundi mkononi. Bibi Theresia alitupa fimbo, akakimbia kwa magoti yake mabovu kuelekea walikosimama Ritha na mwanawe.

Bastola ikalia.

Moshi ulipopungua, Salvatory alikuwa bado amesimama ukutani, mzima, bila hata mkwaruzo. Kwenye maji yaliyomwagika sakafuni walikuwa wamelala wanawake wawili, Ritha na Bibi Theresia, mmoja juu ya mwingine, na mmoja wao alikuwa hapumui.